Kiingereza kinaingia kwa kusemezana

Ku mlango wa kazi moja ya huku kwetu, karibu na fasi wafanyakazi wanavalia kaske, kuko kibao cha Kiingereza kinachosema: "Report every injury". Baba mmoja, fundi wa mashini, alikuwa anapita mbele ya kibao kile kila siku. Hakusoma Kiingereza, lakini Kifaransa anakijua, na kwa Kifaransa "injure" ni tusi. Basi akafikiri kampani inakataza watu kutukanana. Akasema moyoni: ni vizuri, juu vijana wa siku hizi wanatukana sana.

Siku moja chuma kikamkata kidole. Akafunga kitambaa, akamaliza posti yake, akarudi nyumbani. Hakumwambia kapita wala muuguzi. Kisha siku tano mkono ukavimba mpaka ku kiwiko. Alipofika ku hospitali wakamuuliza karatasi ya ajali. Hakuna karatasi. Wakamuuliza: Baba, juu ya nini hukusema siku ile ile? Kibao si kiko pale mlangoni? Hapo njo alielezwa kwamba "injury", kwa Kiingereza, haiko tusi. Ni jeraha. Kibao kilikuwa kinamwambia: ukiumia, hata kidogo, sema.

Hatuandiki habari hii kwa kumcheka. Baba huyu anasema Kiswahili, Kibemba, Kiluba na Kifaransa. Mtu wa luga ine haiko mjinga. Tena kosa la kwanza haiko lake, na tutarudia jambo hilo mbele. Lakini tunajiuliza: mu nyumba ngapi za Kolwezi, Likasi, Fungurume, Kipushi na Lubumbashi kuko baba au kijana anayepita kila siku mbele ya neno linalolinda mwili wake, na halijui?

Kiingereza kimekwisha kufika mlangoni

Hatusemi Kifaransa kiondoke. Katiba ya inchi yetu inakiita luga ya serikali, na Kiswahili ni moja ya luga ine za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Kiluba cha Kasai. Hizo ni zetu. Lakini tutazame kazi yetu yenyewe. Bei ya shaba tunayochimba inatangazwa kila siku ku soko la metali la London. Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, iko mikononi mwa Ivanhoe ya Kanada na Zijin ya China, pamoja na serikali yetu. Mtu wa Kanada na mtu wa China wakiketi ku meza moja, mara nyingi wanakutana mu Kiingereza. Kitabu cha mashini mpya kinakuja mara nyingi kwa Kiingereza. Kamyo inayobeba shaba ikipita mpaka wa Kasumbalesa, hatua moja tu na uko Zambia, fasi Kiingereza ni luga ya serikali. Inchi yetu iliingia mu SADC mwaka 1997, kisha mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Pande zote mbili, majirani wengi wanaandika barua zao kwa Kiingereza.

Kwa hiyo hatuna haja ya kubishana kama Kiingereza kije au kisije. Kiko ku mlango wa kazi, kiko ku mpaka, kiko mu karatasi ya kontra. Swali ni namna gani mtu anayetoka posti ya usiku, macho mekundu, anaweza kukipata.

Saa ya shule haitoshi

Watoto wetu wanajifunza Kiingereza ku masomo. Wanajua kuandika verbe ku kitabu, wanapata pointi. Lakini umupeleke kijana huyo Kasumbalesa, dereva wa Zambia amuulize njia, utaona anakaa kimya kama mtu aliyeitwa ku tribinali. Hatulaumu walimu. Mwalimu aliye na watoto hamsini mu chumba kimoja, na saa moja tu, kila mtoto atasema maneno mangapi? Hata kama wote wanasema, hakuna anayefikisha dakika mbili. Wengine wanamaliza mwaka mzima hawajasema hata neno moja ambalo mtu mwingine alikuwa anangoja kulisikia.

Luga iko sawa na mpira. Hakuna mtu aliyejua kucheza mpira kwa kukopi kanuni ku kitabu. Unaingia uwanjani, unapiga vibaya, wanakucheka, kesho unapiga vizuri kidogo. Kanuni ni za lazima, lakini mguu unajifunza ku uwanja.

Na mfanyakazi mwenyewe? Masomo ya jioni yanataka franga, tena yanataka mtu aje kila siku saa ileile. Mtu wa posti anabadilisha saa kila juma. Juma hili anafanya mchana, lile anafanya usiku. Atakosa mara mbili, mara tatu, kisha ataacha kwa haya.

Wazee wetu walijifunza namna gani?

Tukumbuke kidogo. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Gari la moshi kutoka kusini lilifika Lubumbashi, iliyoitwa Élisabethville, mwaka 1910. Watu wa kazi walitoka pande mingi: wengine Rhodesia ya Kaskazini, inayoitwa leo Zambia, kisha, mu miaka ya 1920, wengi wakaletwa kutoka Kasai, na hata kutoka Ruanda-Urundi. Mu kambi, Mubemba alikuwa jirani wa Muluba, Mulunda jirani wa Munyarwanda. Bibi wa huyu hakuelewa bibi wa yule.

Nani aliwafundisha Kiswahili? Masomo ya wamisionere yalisaidia watoto, ni kweli. Lakini baba aliyeshuka mu shimo na mama aliyebaki mu kambi hawakungoja masomo. Walisemezana. Ku bomba la maji, ku soko, ku mstari wa posho, ku kilio na ku ndoa. Walisema vibaya, wakasahihishwa, wakasema tena. Leo, kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi, kuna watoto ambao Kiswahili njo luga ya kwanza waliyosikia mdomoni mwa mama yao. Watu wa Mombasa na Zanzibar wakisikia Kiswahili chetu wanacheka kidogo. Wacheke. Hatukungoja ruhusa yao. Kwa Kiswahili hicho tulijenga miji, tukalea watoto, tukazika wazee.

Sasa tunauliza: kama wazee walipata luga mpya ku bomba la maji, bila kitabu, sisi tulio na telefone mu mfuko tunashindwa nini?

Bomba la maji la leo

Bomba la maji la leo ni kikundi cha mazungumzo mu telefone. Karibu kila mutu iko mu kikundi fulani: cha familia, cha kanisa, cha timu ya kazi, cha likelemba. Tunaandikiana usiku na mchana. Basi tufungue kimoja cha kusemezana kwa Kiingereza tu. Tumeona vikundi kama hivyo vikianza kati ya wafanyakazi, na tumeona vile vinavyodumu na vile vinavyokufa juma la pili. Tuseme tulichoelewa.

Kwanza, mazungumzo ya kuandika yana faida ambayo mdomo haina. Mtu akikuuliza uso kwa uso, neno linakimbia. Ukiandika, unapata nafasi: unafikiri, unaandika, unafuta, unaandika tena, kisha unatuma. Lakini haiko kama zoezi la shule, juu kule mwisho kuko mtu wa kweli anayengoja jibu lako, na atakujibu. Mtu mwenye haya, ambaye mu chumba cha masomo hafungui kinywa, mu kikundi anaandika.

Pili, mesaji inangoja. Aliye ku posti ya mchana anauliza jioni. Aliye ku posti ya usiku anajibu asubuhi akirudi, mbele ya kulala. Hakuna anayekosa somo.

Tatu, kuandika hakuli mega mingi. Sauti inakula zaidi, video inakula kabisa. Basi siku za kazi tuandike, na siku ya Posho kila mutu atume sauti moja ya nusu dakika. Sauti ni ya lazima, juu Kiingereza kinaandikwa namna moja na kusemwa namna ingine. Unajisikiliza mwenyewe, unaona umesema vibaya, unafuta, unaanza tena mbele ya kutuma. Hakuna mwalimu mwenye uvumilivu kama ule.

Kikundi kisiwe kikubwa. Watu wanane, kumi, kumi na mbili. Wakiwa mia moja, wawili wanasema na wengine wanatazama. Kati yao awe mmoja anayejua zaidi: mwalimu wa jirani, dereva wa njia ya Ndola, binti aliyesoma Zambia. Kila jioni mmoja anatoa swali moja, juu ya maisha yetu wenyewe: Leo ulitengeneza nini? Ulikula nini? Ukipata likizo utaenda wapi? Kila mutu anajibu kwa maneno yake, mistari mitatu tu. Asitafute maneno makubwa ya redio. Anayejua kueleza kwa Kiingereza namna bomba la mafuta lilivyopasuka asubuhi amepata Kiingereza cha kazi yake.

Maneno yenye nguo moja

Kikundi kinasaidia tena ku jambo moja ambalo wanaojua Kifaransa wanajidanganya sana. Kuko maneno mingi ambayo kwa Kifaransa na kwa Kiingereza yanavaa nguo moja, lakini moyo ni mwingine. "Injury" tumekwisha kuliona.

Angalia "demand". Kwa Kifaransa "je demande" ni naomba, kwa heshima. Kwa Kiingereza "I demand" ni nadai, tena kwa ukali. Kijana anayeandikia shefu wake "I demand a holiday" anafikiri ameomba likizo. Shefu anasoma kama amepigiwa meza. Angalia "benefits". Kwa Kifaransa "bénéfice" ni faida ya kampani. Mu kontra ya Kiingereza "benefits" ni vile mfanyakazi anapata juu ya mushahara, kama matunzo ya hospitali. Usipite juu ya mstari ule ukifikiri ni hesabu ya wenye kampani. Pale njo pako. Angalia "eventually". Kwa Kifaransa "éventuellement" ni labda, ikiwezekana. Kwa Kiingereza ni mwishowe, kisha wakati fulani. Mtu akikuambia utalipwa "eventually", hakusema labda. Amesema utalipwa, lakini hakusema lini. Umuulize tarehe.

Maneno kama haya ukiyasoma peke yako yanakupita. Mu kikundi, mmoja anaanguka ndani, wote wanacheka, wote wanakumbuka.

Haya njo adui

Hapa tunafika ku jambo zito. Vikundi vinakufa mara mingi juu ya haya kuliko juu ya mega. Baba wa miaka hamsini, mwenye wajukuu, anaandika mstari wake wa kwanza. Kijana wa miaka ishirini anatuma picha ya kucheka. Baba anatoka mu kikundi usiku ule, na hatarudi.

Vijana, tusikie vizuri. Mtu anayekubali kuonekana hajui mbele ya watoto wake anafanya jambo la ushujaa. Ukimsahihisha, umuite Papa, umuite Mama, umuite Yaya, sawa vile unamuita mu lupango. Usimkatie neno kati. Acha aseme mpaka mwisho, umjibu kile alichosema, na mu jibu lako utumie neno lile kwa namna ya haki, atajionea mwenyewe. Makosa makubwa yawekwe kando, na siku ya Mungu jioni mmoja tu ayaeleze, bila kutaja nani alikosa.

Na ninyi wazee, mukubali. Mu kazi munamfundisha kijana namna ya kushika chombo, na hamumuoni mjinga juu hajui. Mu Kiingereza, yeye njo atawashikisha chombo. Heshima haipunguki. Tena Kiingereza chenyewe kina neno moja tu la kumwambia mtu "wewe": kapita, mkurugenzi, mtoto, wote "you". Ukiisha kulizoea, hata kichwa kinanyanyuka kidogo.

Wamama wasiachwe nje. Mama anayeenda Kasumbalesa kununua unga na mafuta anahitaji Kiingereza cha bei leo, si kesho. Binti wa mchimbaji anaweza kuomba kazi ku ofisi ya kampani. Tumeona baba anayeficha telefone kama vile Kiingereza ni mushahara. Umupe bibi yako nafasi mu kikundi. Mukisemezana wawili nyumbani, mu saa ya kupika bukari, munapata somo la pili bila kulipa.

Mambo ya kukataa

Telefone inabaki mbali na mashini. Hapana kujibu mesaji mu shimo, ku usukani, au karibu na mtambo unaozunguka. Kiingereza cha mtu aliyekufa hakina faida.

Hapana kutuma mu kikundi picha za machimbo, karatasi za kampani, hesabu za uzalishaji. Ni kweli unataka kueleza kazi yako, lakini eleza kwa maneno yako. Picha moja inaweza kukufukuzisha kazi.

Mtu akiingia mu kikundi na kusema anauza karatasi ya Kiingereza, au kwamba kampani fulani inatafuta watu lakini utume kwanza franga za dosie, mumutoe saa ile ile. Kazi ya kweli hainunuliwi kwa telefone.

Mesaji za kupelekwa-pelekwa, ndoto za watu, siasa, video za kuchekesha: kila moja ina kikundi chake. Hapa ni fasi ya mistari mitatu.

Na programu ya kutafsiri mu telefone? Itumie kutafuta neno moja. Ukiipa mstari wote ikuandikie, imejifunza yenyewe, wewe umebaki pale pale.

Deni la wenye kazi

Sasa turudi ku kibao. Tumesema kosa la kwanza haliko la baba yule, na hatutalibadilisha. Kampani inayoleta watu wa Katanga ku hatari ina deni la kuwaambia hatari ile kwa luga wanayoelewa. Kibao cha kuokoa maisha kisiwe mtihani wa luga. Kiandikwe kwa Kiingereza kama wanataka, lakini pembeni kiwe Kifaransa, kiwe Kiswahili, na iwe picha kwa asiyesoma. Delege wa sendika waulize jambo hili ku mkutano ujao, kabla ya kuuliza mengine. Na mfanyakazi asitie sahihi ku karatasi asiyoelewa, hata kama shefu anasema ana haraka. Kuomba mtu akutafsirie haiko haya, ni haki.

Kujifunza Kiingereza hakufuti deni lile. Tunajifunza juu tusingoje deni lilipwe huku mikono inavimba. Anayeelewa luga ya karatasi anaweza kudai kwa adabu, na kwa neno la haki.

Baba wa kidole alipona. Mkono unakunjuka, ijapokuwa ncha ya kidole imekufa ganzi. Leo iko mu kikundi cha watu tisa: mafundi wa timu yake, bibi yake, na mtoto wa dada yake anayefundisha ku masomo. Mstari wake wa kwanza ulikosa neno moja dogo. Aliandika: "I had injury". Mtoto wa dada yake akajibu: Pole, Papa. You had an injury, and now? Baba akaandika tena, na safari hii neno lile dogo lilikuwa fasi yake.

Ndugu wafanyakazi, wamama, vijana: kwa Kifaransa "mine" ni mgodi. Kwa Kiingereza ni mgodi pia, lakini neno lile lile, herufi zile zile, lina maana ingine: "yangu". Tuanze hapo. Leo jioni, tafuteni watu wanane munaoaminiana, fungueni kikundi, na swali la kwanza liwe hili: What did you do today? Kila mutu mistari mitatu. Kesho tena.